Mama, Ni Mke Mwenzio Aliyeniuliza

Nyanungu, wakati wa kuvuna ulezi

Mama,

Shikamoo. Siwezi kuanza kusema nawe kabla sijakuamkia. Ningethubutu, ungenikatiza palepale: "Mwita, hiyo shule ndiyo imekufundisha kupita watu kama unapita miti?"

Keshokutwa narudi shuleni. Mwalimu mkuu amekubali nilirudie darasa nililoliacha. Kila nilipoondoka nyumbani ulinisindikiza, sanduku langu la bati likiwa kichwani kwako ingawa nilikuwa na kichwa changu, hadi pale njia inapokata kona kushuka. Ulikuwa hugeuki kurudi mpaka nipotee. Safari hii hakuna wa kunifikisha pale, basi nimekaa nje ya nyumba yako nikuage kwa kalamu. Najua hukujua kusoma. Lakini ulipenda kusomewa. Ulinisomesha hata karatasi ya sabuni, hata maandishi ya pakiti ya majani ya chai, na nilipomaliza uliuliza, "Ndiyo hayo tu? Wazungu wanaandika maneno machache hivi?" Haya yangu si machache. Vumilia.

Kuna jambo nataka kukueleza tangu mwanzo, nalo linamhusu mke mwenzio, Mama Wegesa. Usinune. Nisikilize kwanza.

Ile homa ilivyoanza unakumbuka. Redio ya Mhindi mwenye duka kule Bomani ilisema mafua mabaya yametoka nchi za mbali, mashariki ya dunia, yamesafiri na meli, sasa yanatembea kutoka nchi hadi nchi. Habari ilipofika shuleni tulicheka. Mafua! Kijana wa Kikurya aogope mafua? Hazikupita wiki nyingi bweni letu likawa linakohoa kutoka kitanda cha kwanza hadi cha mwisho. Shule ikafungwa. Tukaambiwa kila mwenye nguvu za kutembea aende kwao.

Mimi nilikuwa na nguvu za kutembea. Nilifika jioni, macho yanawaka, miguu haina mifupa. Ulinipokea mlangoni. Hukuniuliza kitu, ulinishika tu shingoni kwa kiganja chako, ukaniingiza ndani, ukanilaza karibu na moto kama vile bado sijatahiriwa. Uliniinua kichwa ukaninywesha uji wa ulezi, nami nikakukoholea usoni, ukajipangusa kwa kanga na kuendelea kuninywesha. Hilo la kukukoholea nimeliona kila siku tangu hapo. Nikifumba macho nalo lipo.

Nilipoanza kusimama, wewe ukalala.

Mama, sitaki kukusimulia kufa kwako, ulikuwepo. Nitakuambia tu yale ambayo labda hukuyaona. Ulikwenda mchana, jua kali, ng'ombe wakiwa malishoni. Tulikuzika upande wa kushoto wa boma kama desturi, na katekista akaja akasali, naye akikohoa. Watu walikuwa wachache. Ungekufa mwaka mwingine, wanawake wa mlima mzima wangekuja kukulilia, lakini kila nyumba ilikuwa na mgonjwa wake, na waliokuwa wazima waliogopa kuingia kwetu. Hata nyimbo hazikutosha. Nilitaka kulia. Baba mdogo Magige akanishika bega akasema, "Mura, kijana, kwenye kisu cha jandoni hukulia. Utalia leo?"

Basi sikulia. Nilinyolewa nywele kama wengine, nikaenda kuchunga.

Siku zile nikasikia maneno. Hayakusemwa mbele yangu, ila mtu anayechunga ng'ombe husikia mengi, watu humsahau. Kule mtoni wanawake walikuwa wakifua, mmoja akasema, "Homa hii imeletwa na watoto wa shule. Mtoto wa Mama Mwita amempelekea mama yake kifo mkononi." Mwenzake akamwambia nyamaza. Hakusema si kweli. Alisema tu nyamaza.

Na Baba hakuongea nami. Unamjua Baba, hata ulipokuwa hai maneno yake yalihesabika. Sasa alinyamaza kabisa. Tulikula ugali kwenye sahani moja bila kutazamana. Nikasema moyoni, basi, naye anajua. Anajua ni mimi, na kwa kuwa ni baba yangu hawezi kunifukuza, ndiyo maana ananyamaza.

Mama, nikaanza kuharibika. Sijui neno lingine. Usingizi ukaniacha. Chakula kikawa kama udongo. Ng'ombe waliingia shamba la watu mbele ya macho yangu, nikawatazama kama vile ni ng'ombe wa kijiji kingine. Vijana wa rika langu walikuja wakiniita twende kwenye ngoma, homa ilikuwa imepungua, watu wameanza tena kucheka. Nilisema naumwa tumbo. Nikasema hivyo tena na tena, mwisho wakaacha kuja. Nikaona naweza kukaa siku nzima bila mtu kulitaja jina langu. Kisha nikaanza kufikiri kwamba nikiondoka duniani nyumba itakuwa nyepesi. Baba atapata kupumua. Nami nitakufuata wewe, nikuombe msamaha.

Sitakuandikia zaidi ya hapo. Ujue tu kwamba siku ilifika nikawa nimekata shauri, na ajabu ni kwamba siku hiyo moyo wangu ulitulia. Nilitabasamu. Niliwasalimia watu njiani. Baba mdogo Magige akasema, "Mnaona? Mwita amepona. Nilisema mimi, ni mwanaume."

Nikaanza kugawa vitu vyangu. Dada yetu Wegesa nilimpa blanketi langu la shule. Mdogo wangu Marwa nikamwambia yule mtamba niliyepewa na Baba nilipotoka jandoni sasa ni wake. Marwa aliruka kwa furaha, akakimbia kumwambia kila mtu, na mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa Mama Wegesa.

Sasa, Mama. Najua yaliyokuwa kati yenu. Nilikuwa mdogo lakini nilikuwa na masikio. Siku ile alipojifungua mtoto wa kike tena, ulisema mbele ya wanawake, "Nyumba ile inazaa wageni tu." Naye akasikia. Tangu hapo hamkuombana moto wala chumvi. Mlipita uwanjani kama watu wa koo mbili zenye damu kati yao, nasi watoto tulijifunza kubeba salamu zenu na kuzimwaga njiani. Ulipougua alikuletea uji. Siku ya kwanza uligeukia ukutani. Siku ya pili ulikunywa, lakini hamkusemezana. Nilikuwepo, niliona. Kwa hiyo mtu wa mwisho niliyetegemea kuniangalia duniani alikuwa yeye.

Nilikuwa nimekwisha kuondoka nyumbani. Sitasema nilikuwa nakwenda wapi. Nilikuwa ukingoni kule, mahali ambapo bonde la Mara linaonekana lote, nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Alikuwa amekimbia. Mwanamke mzima, mke wa mtu, amekimbia mlima mchana kweupe, kitambaa kimemdondoka kichwani. Wakati ule alikuwa na mimba changa, hakuna aliyejua, hata Baba.

Akakaa juu ya jiwe, akapumua mpaka pumzi ikamrudia. Kisha akasema, "Mwita, mtu anayegawa vitu vyake anakwenda wapi?"

Nikasema, "Shuleni."

"Shule imefunguliwa?"

Nikatazama bondeni.

Akanitazama. Mama, kwetu neno lile halitajwi. Unajua jinsi watu wanavyolizunguka, unajua nyumba ambamo limewahi kutokea jinsi watu wanavyozipitia mbali. Yeye alilitaja, kwa sauti ileile anayoulizia kama ng'ombe wamekunywa maji.

"Unataka kujiua?"

Nilitegemea ardhi ipasuke. Haikupasuka. Upepo uliendelea kuvuma. Nikasikia kinywa changu kinasema, "Ndiyo."

Hakupiga kelele. Hakuniambia ni dhambi, wala kwamba nitaleta mkosi, wala kwamba mimi ni mwanaume. Alisema, "Sawa. Kaa hapa. Mimi siendi popote." Nikakaa. Akaniuliza tangu lini. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia habari ya shule, ya kukohoa, ya uji, ya wanawake wa mtoni, ya Baba. Nilisema mpaka koo likakauka, na hapo katikati, sijui wapi, nikaanza kulia, nikalia kwa sauti kama mtoto aliyechapwa. Akanivuta kichwa akakiweka mapajani mwake. Akasema, "Lia. Kisu na mama si kitu kimoja."

Nilipotulia akanieleza jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu wa boma letu. Alikuwa na mdogo wake, akiitwa Ryoba. Nyumbani kwao hawakuwahi kusema jinsi alivyokufa, walisema ni ugonjwa. Ryoba alikuwa na huzuni msimu mzima, halafu ghafla akachangamka. Akapita nyumba kwa nyumba kusalimia. Akagawa mkuki wake, akagawa mbuzi wake.

"Tulimsifu," Mama Wegesa alisema. "Tulisema Ryoba amekuwa mkarimu. Mimi alinipa bangili, nikaivaa, nikacheza nayo. Hakuna aliyemuuliza, Mwita. Sote tulikuwa pale na hakuna aliyemuuliza. Marwa aliponiambia habari ya yule mtamba, miguu yangu ilikimbia kabla kichwa hakijaelewa."

Tulirudi pamoja. Alinishika mkono mbele ya watu wote, kijana mzima, nami sikuutoa.

Alikwenda moja kwa moja kwa Baba, aliyekuwa zizini. Sikujua kwamba mwanamke yule anaweza kusema na Baba namna ile. "Mzee Chacha, acha ng'ombe. Mtoto wako alikuwa anakufa leo. Kaa naye mseme. Mimi nitasimama hapa mlangoni, na hakuna anayetoka mpaka mseme."

Baba alikaa chini. Alikaa kwa muda mrefu akivunjavunja kijiti. Nikangoja aseme kile nilichokuwa nakijua. Akasema, bila kuinua macho, "Mimi ndiye niliyemuua mama yako."

Nikadhani nimesikia vibaya.

Akasema siku chache kabla sijafika alikuwa ametoka mnadani, njia ya Sirari. Watu wa ng'ombe kutoka upande wa Kenya walikuwa wengi, wote wanakohoa, akanywa nao pombe kwenye kata moja. Usiku ule ule alisikia baridi mifupani. Hakumwambia mtu, akasema ni uchovu wa njia. Akalala nyumbani kwako. Mama, unakumbuka? Unakumbuka alikohoa? Tangu mazishi alikuwa anajua ni yeye, na kwenye sahani ya ugali aliona mkono wa mtoto aliyemfanya yatima. Hakuweza kunisemesha kwa aibu.

Nikamwambia, "Tata, ni mimi. Mimi nilimkoholea usoni."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu uzikwe. Mdomo wake ulitetemeka. Alipigana vita vya Wazungu kule Burma, askari wa keya, na mdomo wake ulitetemeka. Akasema, "Umekaa na jambo hilo peke yako?"

"Ndiyo, Tata."

"Nami nilikaa na langu. Nyumba moja."

Mama Wegesa pale mlangoni akasema, "Basi kama ni wewe, na ni huyu, na ni wa mnadani, na ni wa shule, na wengine wamekufa mlima ule ambako hakuna shule wala mnada, nani atamshitaki upepo? Mama Mwita alikufa kwa homa. Hakuuawa na mtu." Alikutaja kwa jina, Mama. Sikumbuki kumsikia akikutaja kabla ya siku hiyo.

Siku ile ile Mama Wegesa akapita kwenye kibanda changu akatoa vitu vyote ambavyo hakutaka viwe karibu nami. Sikumzuia. Na Baba akachukua ngozi yake ya kulalia, akaja kulala kwangu. Watu walishangaa, mzee kulala nyumba ya kijana. Baba hakumjibu mtu. Alikoroma vibaya, Mama, nilikuwa sijui umevumilia nini miaka yote ile.

Usifikiri niliamka kesho yake mzima. Kulikuwa na asubuhi nilizotaka kugeukia ukutani. Siku hizo Mama Wegesa alikuja akaniuliza waziwazi, "Leo lile jambo limekuja?" Nikasema limekuja, au halijaja. Likija, hakuniacha peke yangu, alinipa kazi iliyo karibu naye. Nimepura ulezi mwaka huu kuliko wanawake. Vijana walinicheka kidogo, kisha siku moja mmoja wao, sitamtaja, akaja akakaa nami kwenye mawe ya kupuria, akaniuliza kwa sauti ya chini ilikuwaje, maana naye tangu azike kaka yake halali. Nikampeleka kwa Mama Wegesa. Sasa tunapura wawili.

Baba alinipeleka hospitali ya serikali Bomani pia. Tulitembea, tukalala njiani kwa watu. Dresa, yule mhudumu wa wagonjwa, mtu mzima mpole, alinisikiliza kifua kisha akanisikiliza mimi. Akamwambia Baba kwamba homa hii huwaacha watu wengine na giza, hasa vijana, hasa waliofiwa, na giza hilo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, si laana wala uvivu. Hakuwa na kidonge cha kunipa. Alisema nilale, nile, niwe na watu, na nikiona linarudi niseme mapema. Baba alimwomba arudie. Alirudia. Njiani kurudi Baba alikuwa akiyasema yale maneno polepole kama mtu anayejifunza kiapo.

Naye Baba mdogo Magige alikuja. Hakusema amekosea, unamjua. Alileta kibuyu cha maziwa ya mgando, akakaa mpaka nikamaliza, akaondoka.

Sasa sikia hili, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwezi uliopita Mama Wegesa alijifungua. Ni msichana. Ndiyo, tena. Wanawake walikusanyika kumpa jina, na waliokuwepo siku ile ya maneno yako walikuwepo tena, wakaangaliana. Wakamuuliza anamwita nani. Kina mama wa upande wake walikuwa wametaja majina ya bibi zao wawili. Akasema, "Anaitwa Ghati."

Jina lako, Mama. Jina lako la usichana, ambalo Baba peke yake alikuwa akikuita.

Bibi mmoja akamuuliza kama amefikiri vizuri, kwa sababu jina la marehemu huja na mwenyewe, na yeye na mwenyewe hawakuwa wanapatana. Mama Wegesa alikuwa anamnyonyesha mtoto, hakuinua kichwa. Alisema, "Nimelea mtoto wake mmoja mkubwa. Naye aje nimlee akiwa mdogo, tuanze upya." Nilitoka nje nikaenda nyuma ya ghala nikalia. Sasa nalia nikitaka, Mama, nimezoea.

Kwa hiyo nakuomba ruhusa, na kama hutaki unisamehe, kwa sababu nimekwisha kuanza. Namwita Mama. Simwiti Mama Wegesa tena, namwita Mama tu, na anaitika. Mara ya kwanza niliona kama nakuibia. Halafu nikafikiri, wewe ulikunywa ule uji. Siku ya pili, ulikunywa. Naamini ungepewa siku ya tatu na ya nne mngesemezana, maana mkono wako ulikuwa umeshika kibuyu pamoja na wake na hukuuondoa haraka.

Mtoto Ghati ana hasira, anapenda kubebwa, na akiangaliwa anakunja uso hasa kama wewe ukiambiwa bei ya chumvi. Marwa amekataa kunirudishia mtamba wangu. Anasema zawadi ni zawadi. Baba amenipa ndama mwingine, na Wegesa amenirudishia blanketi, lakini amelikata kipande akamshonea Ghati. Ulezi umekubali mwaka huu. Ghala lako limejaa, nililiezeka mwenyewe, na paa halivuji ingawa limepinda kidogo upande wa mlango.

Jua linashuka, naona Baba anarudisha ng'ombe. Lazima nikamsaidie.

Kwaheri, Mama. Zamani nilitaka kukufuata haraka, na sasa nakuahidi jambo jingine. Nitakuja, lakini nitakuja mzee. Nitakuja sina meno, nimeoza magoti, nimezika wazee wangu kwa heshima na nimeona Ghati akiolewa. Nitachelewa sana. Usikae mlangoni ukiningoja. Endelea na kazi zako, cheka na wenzako, na siku nitakapofika utanisikia nakuamkia.

Mimi mtoto wako,
Mwita